Shule za mapadre kule kwetu Kongo: watoto walifundishwa nini hasa?



Kwenye kikundi chetu kumekuwa na mabishano ambayo hayaishi. Wazee wetu wakisema "mimi nilisoma kwa mapadre" wanasema kwa kujivuna kabisa. Wengine kati yetu wanajibu: hizo shule zilikuwa mkono wa mkoloni tu. Sasa tumeona tuache kelele, tuangalie kilichofundishwa, hasa darasa la nne mpaka la sita. Maana hapo ndipo mtoto alipokuwa anapangiwa maisha yake.

Kwa watu wa ziwa Tanganyika, habari inaanzia mbali. Mwaka 1885 Wapadri Weupe walishika kituo cha Mpala, na shule yao ilifundisha kwa Kiswahili: katekisimu, kusoma, kuandika, hesabu kidogo, nyimbo, na jembe. Mwaka 1906 Vatikani na serikali ya mfalme Leopold II waliandikiana mkataba. Misheni zilipewa ardhi, nazo zikakubali kufungua shule. Mkataba wenyewe ulitaja kilimo na ufundi wa mikono, tena ukataka lugha za Ubelgiji zifundishwe. Kwa hiyo ukiuliza kama kanisa na serikali walikuwa pamoja, jibu limo kwenye karatasi yao.

Mwaka 1929 ukatoka mwongozo wa shule za misheni zilizosaidiwa na serikali. Shule ya msingi iligawanywa ngazi mbili, miaka miwili halafu mitatu. Lugha ya mwanzo ilikuwa ya wenyeji. Huku kwetu mashariki, mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Dini ilikuwa juu ya yote, kisha hesabu, usafi wa mwili, shamba na kazi za mikono. Kifaransa kilikuwa kidogo, na vijijini wengi hawakukipata kabisa. Haikuwa bahati mbaya. Serikali ilitaka wakulima watiifu, mafundi na makarani, siyo watu wa kuhoji. Mwaka 1948 ngazi ya pili nayo ikagawanywa: njia ya kawaida kwa watoto wengi, na njia ya waliochaguliwa, wachache, ambao ndio wangeweza kuendelea sekondari. Mtoto wa miaka kumi hivi alishapimwa: wewe shamba, wewe kalamu. Wasichana ndio kabisa. Wao walishikishwa sindano, kufua, kupika na kulea.

Matunda yake yalionekana. Seminari ilikuwa karibu mlango pekee wa elimu ya juu kwa Mwafrika, na waliopita pale walifika mbali kweli. Stefano Kaoze, aliyesoma Mpala, alipewa upadre tarehe 21 Julai 1917, akawa padre wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi, tena mwandishi. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza, naye alipitia seminari. Lakini uhuru ulipofika mwaka 1960, Kongo ilikuwa na mapadre wake kwa mamia, huku wahitimu wa chuo kikuu wasiokuwa mapadre wakiwa hawafiki hata 30. Nchi kubwa vile! Mwanamke wa kwanza kumaliza chuo kikuu, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1964. Hapo unaona wazi nani alifunguliwa mlango na nani alifungiwa.

Mwishoni mwa 1974 Mobutu alizichukua shule zote na somo la dini likafutwa. Haikuchukua muda, mambo yakamshinda. Mwaka 1977 serikali na makanisa wakasaini makubaliano ambayo mpaka leo ndiyo msingi: shule ni za serikali, mwalimu analipwa na serikali, mtaala ni wa serikali, ila kanisa ndilo linasimamia. Halafu mishahara ikafa. Miaka ya 1990 wazazi ndio walichanga pesa ili mwalimu ale. Mama aliuza mihogo, mtoto akabaki darasani. Wale waliokosa walirudishwa nyumbani. Elimu ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019 tu.

Tumeyaeleza haya kwa sababu yanatugusa hapa tulipo. Mtoto aliyetoka darasa la tano la shule ya Kikatoliki kule Uvira au Bukavu hakusoma sala peke yake. Amesoma mtaala uleule wa taifa: Kifaransa pamoja na sarufi na dikte, hesabu za sehemu na vipimo, sayansi, historia, jiografia, uraia. Juu yake ameongezewa somo la dini. Darasa la sita kuna mtihani wa taifa.

Akiingia Nyarugusu anaendelea, kwa sababu shule za Wakongomani pale zinafuata mtaala wa Kongo. Akiingia Uganda au Kenya anakuta Kiingereza. Hesabu anaijua, ila anaijua kwa Kifaransa. Basi anarudishwa chini, anakaa na watoto wadogo, anaona aibu, na wengine wanaacha kabisa. Ni kupangwa upya kwa kipimo kisichomjua, kama babu yake alivyopangwa mwaka 1948.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba: kabla ya kumpangia mtoto darasa, mpeni hesabu kwenye karatasi bila maneno. Muulizeni kwa Kiswahili. Kama ana daftari la zamani, lifungueni. Lugha anaweza kufundishwa pembeni, bila kumnyang'anya miaka yake.

Na sisi vijana, tuwahi kwa wazee wetu wakiwa bado wapo. Tuwaulize: darasa la tano mlisoma nini? Nani alichaguliwa kuendelea, nani aliachwa, na dada zenu walikuwa wapi? Tuandike majibu kwa Kiswahili chetu hikihiki, halafu tuyaweke hapa. Mabishano yetu yatakuwa na cha kusimamia.