Trela ya kusafiria na trela ya gurudumu la tano

Trela ya kusafiria na trela ya gurudumu la tano ni aina mbili za nyumba za magurudumu zisizo na injini, ambazo hukokotwa na gari lingine. Zote mbili huwa na vitanda, jiko, choo, bafu na matangi ya maji. Hutumika zaidi Marekani na Kanada, kwa likizo na pia kama makazi ya kudumu ya watu wanaohamahama, wakiwemo wastaafu wengi. Huko Uingereza na Afrika Kusini trela ya kusafiria huitwa karavani.

Tofauti ya msingi kati yake si ukubwa wala anasa, bali ni mahali ambapo trela inaungana na gari. Mambo mengine karibu yote yanatokana na hilo: uzito ambao gari hubeba, uthabiti barabarani, kimo, na aina ya gari linalohitajika.

Muundo

Trela ya kusafiria huunganishwa nyuma ya gari, chini ya bampa. Gari hufungwa tufe la chuma, na ulimi wa trela hukaa juu ya tufe hilo. Kwa hiyo trela ndogo inaweza kuvutwa na gari la familia lenye nguvu ya kutosha, na kubwa huvutwa na pikapu.

Trela ya gurudumu la tano huvutwa na pikapu au lori tu. Sehemu yake ya mbele imeinuka na kutokeza juu ya bodi ya pikapu. Chini yake kuna pini nene ya chuma inayoingia katika sahani iliyofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ni namna ileile inayounganisha kichwa cha lori na tela lake, kama ilivyo kwa malori yanayotoa mizigo bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda Uganda, Rwanda na Kongo.

Jina na historia

Jina hili huwachanganya wengi, kwa kuwa trela yenyewe inaweza kuwa na magurudumu manne, sita au zaidi. Asili yake ni magari ya farasi. Juu ya ekseli ya mbele kulikuwa na duara la chuma lililolala, lililowezesha ekseli kugeuka wakati wa kukata kona. Duara hilo liliitwa gurudumu la tano ingawa halikugusa ardhi, na jina likahamia kwenye sahani ya malori.

Glenn Curtiss, Mmarekani anayejulikana zaidi kwa ndege, alibuni katika miaka ya 1920 trela iliyoitwa Aerocar, ambayo pua yake iliegemea ndani ya gari badala ya kufungwa nyuma yake. Hata hivyo trela za kufungwa nyuma ndizo zilizoenea. Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza mwaka 1959 na 1960 msafara wa trela kama hizo kutoka Cape Town hadi Cairo, uliopita pia Kenya na Ethiopia.

Uzito

Hapa ndipo wanunuzi hukosea zaidi, na kosa lenyewe linaweza kuua. Kila gari lina vikomo viwili tofauti: uzito linaoweza kuvuta na uzito linaoweza kubeba. Matangazo ya magari husifu cha kwanza, lakini mara nyingi kinachofikiwa mapema ni cha pili.

Sehemu ya uzito wa trela hukaa juu ya gari lenyewe. Kwa trela ya kusafiria, ulimi hubeba kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa gurudumu la tano, pini hubeba asilimia 15 hadi 25.

Tuchukue mfano wa pikapu inayoweza kuvuta kilo 4,500 na kubeba kilo 750, na trela yenye kilo 4,000. Kwa hesabu ya kuvuta, trela hiyo inafaa. Ikiwa ni ya gurudumu la tano na pini inachukua asilimia 20, bodi inabeba kilo 800, yaani pikapu imezidiwa kabla dereva hajaketi. Ikiwa ni trela ya kusafiria na ulimi unachukua asilimia 12, ni kilo 480; zinabaki kilo 270 kwa ajili ya watu, mizigo na vifaa vya kuunganishia. Ndiyo maana gurudumu la tano kwa kawaida huhitaji pikapu nzito zaidi, na bei ya pikapu hiyo inapaswa kuhesabiwa pamoja na bei ya trela.

Nchini Marekani kikomo cha kubeba huandikwa kwenye kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva, kwa kilo na kwa ratili. Uzito wa trela katika vipeperushi vya wauzaji, kwa upande mwingine, mara nyingi ni wa trela tupu. Tangi la maji la lita 200 peke yake huongeza kilo 200, bado vyombo, chakula, nguo na gesi. Njia ya uhakika ni kupima gari na trela iliyopakiwa kwenye mizani ya malori.

Uendeshaji

Tufe la trela ya kusafiria liko nyuma ya ekseli ya gari, hivyo upepo wa ubavuni au lori linalopita kwa kasi likisukuma trela, nayo huusukuma mkia wa gari kama wenzo. Trela huanza kuyumba, na mayumbo yanaweza kukua hadi gari lipinduke. Hatari huzidi pale mizigo inapopakiwa nyuma na ulimi ukawa mwepesi mno. Vyuma vya kusawazisha uzito na vizuizi vya kuyumba husaidia, lakini haviponyi upakiaji mbaya. Trela ikianza kuyumba, dereva hushauriwa kuondoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani bila kuuzungusha sana, na kutumia breki za trela peke yake kwa mkono ikiwa kifaa chake kipo; kukanyaga breki ya gari kwa nguvu huongeza balaa.

Gurudumu la tano hukaa juu ya ekseli, kwa hiyo wenzo huo karibu haupo. Lakini lina matatizo yake. Magurudumu ya trela hukata kona kwa ndani zaidi, na pikapu yenye bodi fupi huweza kugongwa kabini na pembe ya trela isipokuwa na sahani ya kuteleza.

Kimo nacho ni jambo la kuangaliwa. Trela nyingi za gurudumu la tano hukaribia mita 4. Daraja la reli huko Durham, North Carolina, lilipata umaarufu kwa kuchuna mapaa ya malori na nyumba za magurudumu; lilikuwa na nafasi ya mita 3.56 hadi lilipoinuliwa mwaka 2019, na hata sasa ni mita 3.76 tu.

Makazi

Kwa anayekaa humo miezi mingi, gurudumu la tano lina faida: dari ndefu, stoo kubwa chini ya sakafu, na chumba cha kulala kilichotengwa juu ya bodi, ingawa hufikiwa kwa ngazi, jambo linalowachosha wenye magoti mabovu. Trela ya kusafiria huiacha bodi wazi kwa baiskeli, jenereta na kuni.

Sheria

Majimbo mengi ya Marekani hukataza watu kukaa ndani ya trela ya kusafiria inapokuwa mwendoni. Baadhi huruhusu hilo kwa gurudumu la tano, kwa masharti. Leseni pia hutofautiana. Huko California, trela ya kusafiria inayozidi ratili 10,000 (takriban kilo 4,500) huhitaji leseni ya daraja la juu zaidi, ilhali gurudumu la tano hadi ratili 15,000 huendeshwa kwa leseni ya kawaida iliyoongezewa kibali.