Kipande, Jembe na Kupona

Mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge Afrika Mashariki mwaka 1893, na baadaye mashamba ya Korogwe yakampima mtu kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, mshahara ukitoka kadi ikijaa. Urithi huo, naamini, ndio unaotufanya hadi leo tumwone mtu ama mzima ama hafai. Saratani haikubali mgawanyo huo. Mwanamke wa Handeni aliyeondolewa titi na tezi za kwapani anaweza kupona, kisha mkono ukavimba akishika jembe kutwa. Tiba kwa vitendo, yaani tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, inayofundishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, huanzia hapo: kugawa palizi asubuhi na jioni, kubadili mpini, kuukinga mkono na michubuko, kuongeza kazi kidogo kidogo.

Wapo watakaosema dawa kwanza, na kwamba mkulima hana mwajiri wa kumpunguzia kazi. Hoja ya kwanza ni nzito. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, iko Dar es Salaam, mbali na Handeni, hivyo kuifikia dawa kwenyewe ni kazi. Lakini tiba inayomrudisha mtu nyumbani bila riziki imeishia njiani. Na mkulima asiye na mwajiri hujipangia siku yake mwenyewe. Anachohitaji ni mtaalamu wa kumwelekeza, yeye pamoja na jamaa wanaolima naye.