Mbwa na nyama mbichi: historia inasema nini?

Ujumbe mmoja unazunguka sana kwenye simu za wakaaji wa miji yetu ya mashariki. Unasema: acha kumpikia mbwa. Mpe nyama mbichi, mifupa mibichi na maini mabichi. Manyoya yatang'aa, meno yatakuwa meupe, na magonjwa yatamwepuka. Sababu inayotolewa ni ya historia: mbwa ni uzao wa mbwa mwitu, tangu zamani alikula vibichi, na chakula cha kupikwa ni mambo ya juzi yaliyoletwa na viwanda vya Wazungu.

Kwa kuwa sababu hiyo ni ya historia, basi tuipime kwa historia. Jambo lenyewe si la mbwa peke yake. Mbwa anayekula vibichi analala katika parsele moja na watoto wetu, anawalamba mikono, na anajisaidia pale wanapochezea.

Mbwa alianza kwa kula masalio

Ni kweli mbwa ametoka kwa mbwa mwitu. Alizoea kukaa na watu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla ya mbuzi, ng'ombe na kuku. Lakini tangu alipokaribia moto wa mtu, hakuendelea kula kama ndugu zake wa porini. Alikula kilichobaki: mifupa, ngozi, makombo ya chungu. Watu walipoanza kulima, naye akaanza kula nafaka.

Mwili wake una ushahidi wa jambo hilo. Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, huko Sweden, walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu, wakatoa matokeo yao katika jarida la Nature. Mbwa mwitu ana nakala 2 tu za jeni moja inayosaidia kuyeyusha wanga tumboni. Mbwa wa nyumbani ana nakala kuanzia 4 hadi 30. Mbwa ambao mabwana wao hawakuwa wakulima, kama dingo wa Australia na wale wanaovuta magari ya theluji kaskazini ya dunia, wana nakala chache zaidi. Kwa maneno mengine, mbwa amebadilika ili aweze kula chakula cha mtu mwenye shamba.

Sisi wa Kongo tuna mfano wa hapa kwetu. Mbwa anayeitwa basenji duniani kote ametoka katika misitu yetu. Ni mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, na habweki kama mbwa wengine. Ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wamsikie porini. Mwaka wa 1895 mbwa wawili wa aina hiyo walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts mjini London, lakini wakafa kwa ugonjwa wa distempa. Katika miaka ya 1930, Mwingereza Olivia Burn alichukua wengine kutoka Kongo, na mwaka wa 1937 waliwashangaza watu katika maonyesho yaleyale. Mbwa huyo aliishi vizazi na vizazi bila kiwanda chochote. Na mbwa wa kijiji anakula nini hadi leo? Sehemu yake ya windo, ndiyo, lakini pia bugali iliyolala, mihogo, ndizi, mabaki ya samaki na chochote anachookota.

Kwa hiyo tunaposema "wazee walimpa mbichi", tunasema nusu tu ya ukweli.

Kiwanda kiliingia lini?

Kiwanda cha chakula cha mbwa hakina umri mkubwa. James Spratt alikuwa Mmarekani mfanyabiashara. Alipokuwa Uingereza, inasimuliwa, aliona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia. Karibu mwaka wa 1860 akaanza kuuza keki za mbwa mjini London, zilizotengenezwa kwa ngano, mboga na nyama iliyokaushwa. Wanunuzi wake walikuwa matajiri wenye mbwa wa kuwinda.

Baada ya vita kuu ya kwanza, magari yalichukua kazi ya farasi huko Marekani, na farasi wakabaki wengi bila kazi. Mwaka wa 1922 kampuni moja ya Rockford, jimbo la Illinois, ilianza kuuza nyama ya farasi ndani ya mikebe kwa ajili ya mbwa. Katika vita kuu ya pili, madini ya kutengeneza mikebe yalipelekwa jeshini, na viwanda vikageukia chakula kikavu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mashine za kupika na kusukuma unga kwa joto kali zilianza kutoa vile vidonge tunavyoviona leo katika mifuko ya maduka makubwa.

Mwaka wa 1993, mganga wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alichapisha kitabu Give Your Dog a Bone. Alisema vidonge vya kiwandani vinaharibu afya ya mbwa, na kwamba arudishiwe mifupa mibichi yenye nyama, maini na mboga. Kabla yake, mbwa wa mashindano ya mbio na mbwa wa theluji walikuwa tayari wanapewa nyama mbichi. Yeye aliingiza desturi hiyo katika nyumba za watu wa kawaida. Mwaka wa 2007 tukio moja lilimwongezea wafuasi. Huko Marekani na Kanada mbwa na paka wengi walikufa kwa kuharibika figo, kwa sababu chakula cha kiwandani kilikuwa kimechanganywa na melamini, kemikali iliyotoka China ndani ya unga wa ngano. Watu walipoteza imani. Wengi walisema: heri nimpe nyama ninayoiona kwa macho yangu.

Hasira yao inaeleweka. Lakini kukimbia kiwanda ni jambo moja, na kukimbilia nyama mbichi ni jambo lingine.

Nyama peke yake ilishindwa London

Mwaka wa 1889, katika bustani ya wanyama ya London, watoto wa simba walikuwa wanapata matege. Mifupa yao ilipinda, na wengi walikufa. Chakula chao kilikuwa nyama ya farasi isiyo na mafuta. Daktari John Bland-Sutton alishauri waongezewe mifupa iliyosagwa na mafuta ya maini ya samaki. Baada ya miezi michache walipona. Ikiwa simba mwenyewe hawezi kukua kwa mnofu peke yake, mtoto wa mbwa ataweza wapi? Mnofu una kalsiamu kidogo mno. Yule anayemnunulia mbwa wake mnofu mzuri kila siku anaweza kumvunja mifupa kwa upendo.

Lakini tusicheke upande mmoja tu. Bugali peke yake nayo ilishindwa. Mwaka wa 1919, Mwingereza Edward Mellanby alionyesha kwamba watoto wa mbwa wanaokula nafaka peke yake wanapata matege, na kwamba mafuta ya maini ya samaki yanawaponya. Huko kusini mwa Marekani, watu maskini waliokula mahindi kila siku walikuwa wanakufa kwa pelagra: ngozi inachubuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Mbwa waliolishwa mahindi namna hiyo walipata ugonjwa wa ulimi mweusi. Mwaka wa 1937, Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipata dawa yake ndani ya maini: ni vitamini tunayoiita leo niasini au B3. Mbwa walipona, na baadaye watu pia. Mbwa walitusaidia kumaliza pelagra, tusisahau deni hilo.

Kwa hiyo maini ni chakula cha maana sana kwa mbwa. Shida ni kwamba maini hayohayo, yakiliwa mabichi, yana historia nyingine.

Somo la Iceland na la Turkana

Katika karne ya 19, kisiwa cha Iceland kilikuwa nchi ya wafugaji wa kondoo. Kila nyumba ilikuwa na mbwa, na kondoo walichinjwa nyumbani. Viungo vya ndani visivyofaa kwa watu vilitupiwa mbwa. Wakaaji wengi walikuwa wanavimba tumbo, wana mifuko ya maji ndani ya maini na mapafu, na hawakujua inatoka wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1850, Mjerumani Carl von Siebold aliwalisha mbwa mifuko ya namna hiyo iliyotoka kwa kondoo. Ndani ya utumbo wa mbwa hao akakuta minyoo midogo aina ya tegu. Njia ikajulikana: mbwa anakula ini bichi lenye mifuko, minyoo inakua tumboni mwake, mayai yanatoka na mavi yake, kisha mayai yanaingia kwenye majani ya kondoo na kwenye mikono ya watoto. Kwa mtu, mfuko unaweza kukua miaka mingi bila maumivu, mpaka siku unapobana au kupasuka.

Mwaka wa 1863, Harald Krabbe kutoka Denmark alifika Iceland. Alipasua mbwa 100 na kukuta 28 wana minyoo hiyo. Mwaka wa 1864 aliandika kijitabu cha lugha nyepesi, kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba. Watu wa kisiwa kile walijua kusoma, na walikisoma. Kuanzia mwaka wa 1869 sheria zikafuata: kupunguza idadi ya mbwa, kuwapa dawa ya minyoo, na kuharibu viungo vyenye mifuko. Hakukuwa na hospitali kubwa wala mashine. Ilikuwa ni kuacha desturi moja ya kumtupia mbwa ini bichi. Katika karne ya 20 ugonjwa huo ulitoweka Iceland.

Mtu asiseme hayo ni ya nchi za baridi. Karibu na sisi, kwa wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huohuo ulikuwa kati ya ule mkali zaidi duniani. Shirika la AMREF lilianza mpango huko mwaka wa 1983: kuwapima watu kwa ekografi, kuwapasua wagonjwa, kuwapa mbwa dawa, na kuwafundisha watu wasiwape mbwa viungo vibichi vya mifugo. Kazi ilikuwa ngumu kuliko kisiwani, maana wafugaji wanahama na mbwa wanahama nao.

Na sisi je?

Watetezi wa nyama mbichi huko Marekani na Ulaya wananunua nyama iliyopimwa na kugandishwa. Hata hivyo, serikali ya Marekani ilipopima vyakula vibichi vya mbwa na paka kati ya mwaka wa 2010 na 2012, katika sampuli 196 ilikuta salmonela katika 15 na listeria katika 32. Mwaka wa 2012 chama cha waganga wa mifugo cha nchi hiyo kilishauri watu wasiwape mbwa na paka nyama mbichi. Baridi kali ya siku kadhaa inaua mifuko ya minyoo, lakini haiui salmonela. Na kwetu, ni nyumba ngapi zenye frigo inayogandisha wiki nzima bila umeme kukatika?

Kwetu nyama mbichi ya mbwa haitoki katika duka lenye barafu. Inatoka langoni kwa abatuari, au kwenye mbuzi aliyechinjwa nyuma ya nyumba siku ya sikukuu. Mara nyingi ni kile ambacho watu wamekikataa, na wamekikataa kwa sababu wameona uvimbe.

Hakuna sababu ya kununua vidonge vya bei ghali. Mbwa anaweza kuishi vizuri kwa chakula cha nyumbani: bugali au wali, pamoja na sambaza au ndagala nzima, kwa maana miiba yake midogo inaleta kalsiamu, mboga kidogo, na kipande cha ini kilichochemshwa mpaka ndani, mara moja moja. Mifupa iliyopikwa asipewe, inapasuka kama misumari na kutoboa utumbo. Dawa ya minyoo aipate kwa ushauri wa mganga wa mifugo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza naye, hasa kabla ya kula.

Na mbuzi akichinjwa katika parsele, mwenye kisu afungue maini na mapafu na kuyaangalia. Akiona mifuko yenye maji, asimtupie mbwa wala asitupe kwenye jalala. Achome moto, au achimbe shimo refu lisiloweza kufukuliwa. Watu wa Iceland walianza hivyo, na kijitabu kimoja mkononi.