Pano ya Mkono au ya Kiwanda?

Tuanzie kwenye baraji yetu. Ilijengwa juu ya mto Tshopo miaka ya 1950, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Stanleyville. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1954, watafiti wa Bell Labs kule Marekani walionyesha seli ya silisiamu iliyogeuza karibu asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa kurani. Kwetu, mto ndio ulikuwa kila kitu.

Leo mashine zimezeeka, mji umepanuka, na kurani ya SNEL haifiki kila nyumba. Mwanafunzi wa Mangobo ao wa Lubunga anayetaka kusoma usiku anajiuliza: ninunue pano, ama nijitengenezee mwenyewe?

Tuangalie Kenya. Mwaka 1984, shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Meru, iliwekewa pano zilizotoka kiwandani, na mafundi wa palepale wakafundishwa kuzifunga. Baadaye, vijana wa Kibera walijiunga kutengeneza pano ndogondogo za redio kwa mikono. Mwaka 2011 kiwanda cha kuunganisha pano kikafunguliwa Naivasha. Lakini hata kiwanda hicho kiliagiza seli kutoka ng'ambo. Silisiamu inayeyuka kwenye digrii zaidi ya 1,400. Jiko la makala haliwezi. Kwa hiyo «kujitengenezea» maana yake siku zote ilikuwa kuunganisha seli za wengine.

Kuunganisha kwenyewe si uchawi. Seli moja inatoa karibu volti 0.5. Ukilehemu 36 kwa mfuatano, unapata karibu volti 18, zinazotosha kuchaji batri ya volti 12. Shida ni maji. Kiwandani seli zinafungwa kati ya kioo na plastiki kwa joto, hewa ikiwa imenyonywa yote. Sisi tunapaka gundi. Kwa mvua hii ya Kisangani, unyevu unaingia, viungo vinashika kutu, na pano inakufa polepole.

Zamani mutu alivumilia hayo juu pano ya kiwanda ilikuwa bei kali: miaka ya 1970 wati moja iligharimu makumi ya dola. Leo haifiki hata dola moja. Faida ya kutengeneza kwa mkono imeyeyuka.

Basi makuta yako machache, nunua nayo pano ya kiwanda, na uipime kwa multimeta saa sita mchana kabla ya kulipa. Hesabu ya batri, nyaya, fremu ya mbao na matengenezo, hayo fanya mwenyewe. Tuko karibu na ikweta: inamisha pano kidogo tu, mvua iioshe.

Na ile pano ya mkono? Tengeneza moja, ya kujifunzia. Aliyelehemu seli 36 atajua kwa nini pano ya jirani imekufa, na jirani atamwita. Karamugi hawakutengeneza pano. Walitengeneza mafundi.