Chumba cha nyuma: kulipia nyumba Kamalondo, kutoka boyeri mpaka annexe

Mtu wa Lubumbashi akisikia umepata chumba Kamalondo, hataanza kuuliza bei. Atauliza: mu nyumba kubwa ao mu annexe? Na kwa sisi wenye diplome ya juzi na kazi ya kontra ya miezi tatu tatu, jibu ni annexe. Tangu nitoke Kasapa nimelipia annexe mbili, zote mu Kamalondo, na hii ya sasa njo ilinisukuma nianze kuuliza wazee na kufungua vitabu. Hii namna ya kuishi, mwenye lupango mbele, lokatere nyuma, bomba moja, choo kimoja, mlango mmoja wa kutokea ku barabara, ilitoka wapi? Wengi wetu tunasema ni shida ya leo, juu ya maisha imekuwa ngumu. Lakini iko na umri wa karne moja.

Mji ulianza 1910 kwa jina la Elisabethville. Mwaka ule ule reli ilifika kutoka Rhodesia, na 1911 tanuru la Union Minière lilianza kutoa shaba. Barabara zilichorwa zimenyooka, zinakatana kama karatasi ya hesabu, na ni zile zile tunatembea leo tukishuka kutoka Poste. Wafanyakazi waliletwa, wengine na Bourse du Travail du Katanga, wengine walitoka upande wa Rhodesia. Waliandikwa kwa kontra fupi. Wakubwa waliwaza hivi: mtu anakuja, anafanya kazi, anarudi kwao. Mtu wa kurudi kwao hana lazima ya nyumba, anatosheka na mahali pa kulala.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 sité ya Waafrika ilipangwa upya upande wa kusini, mbali kidogo na ville, na ikapewa jina la mfalme Albert. Ile sité ya Albert njo Kamalondo yetu. Kati yake na nyumba za Wazungu iliachwa nafasi tupu, zone neutre. Walisema ni juu ya malaria: mbu aliyemwuma Mwafrika asiweze kuruka mpaka ku kitanda cha Mzungu. Usiku Mwafrika hakuweza kutembea mu ville bila karatasi ya ruhusa.

Sasa hapa njo mimi huwa nacheka peke yangu. Ile zone neutre ilikuwa na mamia ya mita ili mbu asipite. Lakini nyuma ya nyumba ya Mzungu, mu lupango yake mwenyewe, hatua chache tu kutoka dirisha la chumba chake cha kulala, kulikuwa kanyumba kadogo ka boy. Boyeri. Mpishi alilala pale, mtu wa kulea watoto alilala pale. Mbu wa boyeri hakuhesabiwa. Kumbe ule umbali haukuwa wa mbu tu. Mtu aliruhusiwa kulala karibu akiwa wa kazi, na alirudishwa mbali akitaka kulala karibu kama jirani.

Hawa watu wa boyeri walituachia kitu kikubwa ambacho wanafunzi wengi wa historia hapa kwetu hawajakishika mu mikono. Mwaka 1965 chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumbani kiliandikisha historia ya mji, kwa Kiswahili cha hapa hapa, na jina la André Yav juu yake: Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Ni historia ya mji inayosimuliwa na watu waliopika na kufua, pamoja na majina Waafrika waliwapa mabwana wao. Johannes Fabian alikitoa kitabuni mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mimi nilikisoma kwa shida siku za kwanza, juu ya tahajia yake ni ya mtu anayeandika vile anasema. Kisha nikazoea, na nikaona kwamba mtu aliyelala nyuma anaona mambo mengi ambayo mtu wa mbele haoni.

Turudi ku sité. Nani aliishi Kamalondo? Si kila mfanyakazi. Union Minière ilikuwa na makambi yake, na watu wa reli vile vile. Kambini ulipewa nyumba, chakula, dispensari, na kisha mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilipoanza kutaka wafanyakazi wakae na bibi zao, ulipewa pia shule ya watoto. Lakini nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Wakati wa shida ya dunia ya 1930 na kuendelea, kampuni ilipunguza watu wengi sana, na walioondolewa kazini waliondoka pia mu nyumba. Wengine walirudishwa mu vijiji vyao. Wengine hawakutaka.

Mu sité kulikuwa washona nguo, wachuuzi, makarani, maseremala, na wanawake wa peke yao waliopika pombe na kuishi kwa jasho lao. Kwa watu hawa Kamalondo ilikuwa karibu mahali pa pekee mu mji ambapo Mwafrika aliweza kulala bila kuwa chini ya patroni. Na yule aliyepata lupango, hata kama ni kadogo, aliona mara moja kwamba anaweza kusimamisha chumba kingine nyuma na kukilipisha. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Kiafrika alizaliwa pale, pamoja na lokatere wake, mu lupango moja, wakitumia bomba moja la barabarani.

Lakini alikuwa mwenye nyumba wa namna gani? Jambo hili linatuuma mpaka leo. Udongo haukuwa wake. Dekreti ya 23 Novemba 1931 iliunda zile zinazoitwa centres extra-coutumiers, na cha Elisabethville kilianza 1932, na chifu wake, baraza lake na tribunal yake. Mtu alipewa haki ya kukaa na kujenga, na kijitabu cha kuonyesha, ile tunaita livret de logeur. Aliweza kuishi pale miaka makumi tatu, kuzaa, kuzika, na bado kwa sheria alikuwa mtu aliyeruhusiwa tu. Ilibidi kungojea dekreti ya 10 Februari 1953 ndipo Mkongomani afunguliwe njia ya kuwa na mali ya udongo kwa jina lake. Ni miaka saba tu mbele ya uhuru.

Miaka ile ile ya 1950 serikali ilijenga sana. Office des Cités Africaines iliundwa 1952, na mji wetu ulipanuka na Katuba na Ruashi. Kamalondo haikupanuka, haikuwa na upande wa kupanukia. Ni komini ndogo kuliko zote saba za Lubumbashi. Na nikiwa pale: kati ya hizo saba kuna moja inayoitwa Annexe, ile kubwa inayozunguka mji wote. Watu wa pembeni walipewa komini yenye jina la chumba cha nyuma. Sijui nani alichagua lile jina, lakini alituelewa vizuri.

Mwisho wa 1957 wakaaji wa zile komini walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua viongozi wao. Mabourgmestre wane Waafrika waliotoka mu kura ile, wote walikuwa watu wenye asili ya inje ya Katanga, na hasira ya matokeo hayo ilikuwa moja ya sababu Conakat iliundwa mwaka uliofuata. Tunafundishwa hii kama jambo la siasa ya juu. Mimi naiona kama jambo la lupango pia: mji ulikuwa umejengwa na watu walioambiwa kila siku kwamba watarudi kwao, halafu siku ya kura kila mmoja akauliza, wa hapa ni nani?

Kisha uhuru, sheria nyingine zilipita juu ya kile kijitabu. 1966, mwaka mji ulipopata jina la Lubumbashi, sheria Bakajika ilirudisha udongo mu mikono ya Serikali. Sheria ya 20 Julai 1973 ikapanga upya mambo yote ya ardhi: udongo ni wa Serikali, mtu anapewa concession, na karatasi yenye nguvu ni certificat d'enregistrement. Wenye feza na wenye kujua ofisi walienda kubadilisha karatasi zao. Wazee wengi wa Kamalondo waliweka livret mu sanduku, chini ya mashuka, wakaendelea kuishi. Nani angemfukuza mtu aliyejulikana na barabara nzima?

Sasa wale wazee wanakufa. Na Kamalondo imekuwa na bei. Tangu Code minier ya 2002 makampuni yalirudi Katanga, watu wakaja kutoka kila upande, na loyer ikaanza kuhesabiwa kwa dola. Unatoka Kamalondo kwa mguu unafika ville. Uwanja wa TP Mazembe uko pale tangu 2011, siku ya mechi huwezi kupita na kinga. Usiku ngoma za baa zinakesha, mikate ya asubuhi unaipata mbele ya jua, fundi wa simu, fundi wa viatu, mama wa maharagi, wote wako chini ya hatua hamsini. Nimeishi pia mu avenyu ya kimya, mbali, nikilipa taksi mara ine kwa siku. Sitarudi.

Hiyo bei njo inaleta hatari. Mu lupango ninakoishi, mbele kuna nyumba ya matofali ya kuchoma, na varanda ya simenti iliyopasuka. Mzee aliyeijenga alikuwa karani. Alishakufa. Mjane wake njo mwenye lupango, nyuma tuko lokatere watano mu vyumba vilivyoongezwa mu nyakati mbalimbali, unaona ukutani pale tofali la kuchoma linaishia na bloku ya simenti inaanza. Komisionere aliyenileta aliniomba mwezi mmoja wa kwake, na akasema garanti ni miezi sita. Loyer ni dola 70. Piga hesabu, dola 420 za garanti mbele hujalala hata usiku mmoja.

Nilimwambia Mama kwa heshima kwamba sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya baux à loyer inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi tatu. Komisionere alicheka. Mama hakucheka. Akaniambia: «Mwana yangu, ile sheria mi shiijue. Lakini hata mi shina feza ya kukurudishia miezi sita kama bale batoto banaleta fujo. Lipa tatu.»

Bale batoto ni watoto wa mzee, wa bibi wa kwanza. Wana mtu anayetaka kununua, kubomoa, na kusimamisha magazini yenye etaje. Wao wana haki ya uriti, Mama naye ana yake kama mjane. Lakini karatasi iliyo mu nyumba ni livret tu, yenye jina la marehemu na mihuri iliyofutika nusu. Mwenye kununua anajua ile. Anatoa bei ya mtu asiye na certificat. Kwa maneno mengine, kile kijitabu cha mtu aliyeruhusiwa tu bado kinafanya kazi, miaka zaidi ya sitini kisha uhuru, na kinapunguza bei ya jasho la karani.

Wengine mu hii ukurasa wataniambia: acha wauze, mji lazima ujengwe. Sikatai mji kujengwa. Ninauliza watu watano wa nyuma wanaenda wapi, maana etaje ile haitakuwa na chumba cha dola 70, na komini ya karibu yenye bei hiyo iko mbali na kazi. Tutarudishwa inje ya mji tena, safari hii bila kusingizia mbu.

Tulifanya vitu viwili. Kwanza, kila lokatere aliandika kontra na Mama, na tukazipeleka ku service ya habitat ya komini, maana mgogoro wa kulipia unapita kwanza pale mbele ya kufika ku tribunal. Pili, mmoja wetu aliyesoma droit alimsindikiza Mama mara tatu ku ofisi za udongo, kuuliza njia ya kugeuza livret. Mara ya tatu waliandika jina lake mu daftari. Watoto wa mzee wameita kikao cha familia mu mwezi wa ine, na mkubwa wao atatoka Kolwezi.

Kwa hiyo nina ombi. Kama kwenu, Kamalondo, Kenya, Katuba, ao hata Likasi, kuna livret ya babu mu sanduku, ipige picha kurasa zote, na mihuri, na tarehe. Kisha muulize bibi ao shangazi nani alilala mu chumba cha nyuma, na alilipa ngapi. Kamati imekubali kuzikusanya mahali pamoja, na majina ya watu yatafichwa.