Uhuru Iliyorushwa Kutoka Ngomeni

Ukiwa Mbesa mwezi wa Juni, toka uani usiku uangalie juu. Kundi la nyota liitwalo Nge linapita karibu na utosi. Humo ndani kuna kitu ambacho macho hayakioni, Scorpius X-1, kinachomwaga eksirei kwa wingi wa kutisha.

Kiligunduliwa Juni 1962. Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazimeza, kwa hiyo roketi ilirushwa kutoka New Mexico, Marekani, ikiwa na kaunta za Geiger. Ilikaa juu ya hewa dakika sita hivi, halafu basi, ikaanguka. Utafiti ukaendelea hivyo kwa miaka minane, kwa roketi na maputo, kwa kudokoadokoa.

Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyeongoza kazi ile, alikuwa ameanzia kwenye mionzi ya kosmiki, zile chembe zenye nguvu zinazoinyeshea dunia kutoka pande zote. Sasa zikawa kero yake. Chembe ikipita kwenye kigunduzi inahesabiwa kama eksirei, nawe unadhani umeona nyota! Kwa hiyo kuboresha chombo kulimaanisha mambo mawili: kupanua dirisha na kupunguza kelele. Mwaka 1962 dirisha la kila kaunta lilikuwa na sentimita 20 za mraba. Setilaiti mpya ilipewa seti mbili za vigunduzi vya gesi, kila moja 840, pamoja na saketi za kukataa mipigo ya chembe.

Kelele iliyobaki, dawa yake ilikuwa mahali. Sumaku ya dunia huzuia mionzi ya kosmiki zaidi huku kwetu Ikweta kuliko kwenye ncha, na setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa eneo la Atlantiki ya Kusini lililojaa chembe. Ndiyo maana wakaja San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi.

Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, meneja wa mradi huko NASA, akaiita Uhuru.

Tukisimulia habari hii huwa tunaishia kwenye jina, kana kwamba tulikaribisha wageni nao wakatushukuru. Naona tunajipunja. Ikweta ilikuwa sehemu ya chombo, sawa na zile saketi.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia wataalamu kuanza kushuku kwamba hapo pana shimo jeusi. Giacconi akapata Nobel mwaka 2002. Data zenyewe zilichambuliwa Massachusetts, si Nairobi wala Dar es Salaam, na hilo nalo tuliseme. Setilaiti iliungua ikirudi kwenye angahewa mwaka 1979. Roketi ya mwisho iliondoka San Marco mwaka 1988.