Adui wa Mjenzi wa Yakutsk

Yakutsk, mji ulioko mashariki mwa Siberia kando ya mto Lena, unajulikana duniani kwa jambo moja tu: baridi. Wastani wa Januari hukaribia nyuzi 40 chini ya sifuri, na mwaka 1891 kipimo kilishuka hadi kupita nyuzi 64 chini ya sifuri. Ndiyo maana historia ya umeme na joto la mji huo husimuliwa kama vita, binadamu upande huu na baridi upande ule, gesi asilia ikiwa silaha iliyoamua mshindi. Ni masimulizi matamu, na hayakosi ukweli. Ila ukiacha masimulizi ukatazama kazi yenyewe, yaani misingi ilivyowekwa, mabomba yalikopitishwa na aina ya mitambo iliyochaguliwa, utaona kwamba hesabu ngumu za wajenzi zilihusu kitu kingine. Baridi walikwisha kuizoea. Kilichowanyima usingizi ni joto ambalo wao wenyewe walikuja kulitengeneza.

Tuanze na ardhi. Mwaka 1828 Fyodor Shergin, karani wa Kampuni ya Urusi na Amerika, alianza kuchimbisha kisima mjini Yakutsk kwa kutafuta maji. Kazi ilisimama mwaka 1837, shimo likiwa limefika takribani mita 116, na udongo wa chini ulikuwa bado umeganda. Maji hakuyapata, lakini sayansi ilipata kisima kisicho na mfano: katika miaka ya 1840 mtafiti Alexander von Middendorff alishusha vipimajoto humo na kuthibitisha mbele ya wataalamu wa Ulaya, ambao wengi wao walikuwa na shaka, kwamba ardhi inaweza kuganda mfululizo kwa kina kikubwa namna hiyo. Udongo wa aina hii una tabia ya kinyonga. Ukibaki umeganda, barafu iliyo ndani yake huushikamanisha ukawa mgumu kama jiwe na kubeba jengo la ghorofa bila tabu. Ukiyeyuka, hugeuka tope na jengo huanza kudidimia, tena kona moja kuliko nyingine. Nyumba kuukuu za magogo mjini Yakutsk, zilizoinama na kuzama hadi madirisha yakakaribia kugusa ardhi, hazikuangushwa na dhoruba za theluji. Ziliangushwa na majiko yao.

Moto wa familia moja huleta madhara ya familia moja. Wasakha, wenyeji wa eneo hilo, waliishi katika bonde la Lena kwa karne nyingi ndani ya nyumba za mbao zilizokandikwa udongo na samadi, na jiko la udongo katikati, bila kuhitaji mhandisi. Tatizo lilikuja pale serikali ya Kisovieti ilipotaka mji wa viwanda, shule na hospitali, kwa maana kituo cha kufua umeme chenye boila zinazowaka usiku na mchana, zikisimama juu ya udongo uleule. Kituo cha umeme ndilo jengo lenye joto kuliko yote mjini, na hapo hapo ndilo jengo lisiloruhusiwa kuyumba, kwa sababu mtambo unaozunguka mara 3,000 kwa dakika haustahimili sakafu iliyoinama. Kwa hiyo haishangazi kwamba miongoni mwa majengo makubwa ya kwanza mjini humo kujengwa kwa makusudi ya kuilinda barafu ya chini ni kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1937. Kilinyanyuliwa juu ya nguzo, na kati ya sakafu na ardhi pakaachwa uwazi ambamo upepo wa majira ya baridi ungepita na kulibeba joto lililovuja kabla halijaifikia ardhi. Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Kwa mjenzi wa Yakutsk dawa ya moto ilikuwa baridi, nayo ilipatikana bure takribani miezi saba kwa mwaka.

Njia hiyo ilikamilishwa zaidi katika mji mwingine, Norilsk, ulioko kaskazini zaidi na uliojengwa kwa jasho la wafungwa. Mhandisi Mikhail Kim, ambaye mwenyewe alifikishwa huko akiwa mfungwa, aliongoza matumizi ya nguzo za zege zilizoshushwa katika mashimo yaliyotobolewa kwenye udongo ulioganda, kisha zikaachwa zishikwe na barafu yenyewe. Mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lenin kwa kazi hiyo. Yakutsk nako ilianzishwa mwaka 1960 taasisi ya kisayansi ya kuchunguza ardhi iliyoganda, ikiongozwa na Pavel Melnikov. Kwa maneno mengine, ujuzi wa kuzuia joto lisishuke chini ulitangulia joto lenyewe kuongezeka, na mpangilio huo wa matukio si wa kupuuzwa. Gesi isingeweza kuijenga Yakutsk ya maghorofa kama nguzo hazikuwapo kwanza.

Gesi ilichimbuka mwaka 1956 huko Taas-Tumus, karibu na mahali mto Vilyuy unapoungana na Lena. Kabla ya hapo mji uliishi kwa kuni na makaa ya mawe yaliyosafirishwa mtoni, na Lena hupitika kwa vyombo miezi michache tu kwa mwaka. Mji uliokosea hesabu ya makaa mwezi wa Septemba ungeumia mwezi wa Machi. Bomba la gesi liliufikia mji mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1970 kituo kikubwa kipya kilichotumia mitambo ya turbaini za gesi kikaanza kufua umeme. Hapa baridi ilijitokeza kama mshirika. Turbaini ya gesi hunyonya hewa, huibana, huichanganya na gesi na kuiwasha, kisha hewa ile iliyotanuka huzungusha mapanga. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo kila mkupuo wa hewa una uzito mkubwa zaidi na mtambo hutoa nguvu zaidi. Turbaini hupimwa uwezo wake kwa hewa ya nyuzi 15. Dar es Salaam hewa ya mchana ikiwa nyuzi 32, mtambo hutoa pungufu ya kilichoandikwa kwenye kibati chake; Yakutsk mwezi wa Januari, saa ambayo mji unahitaji umeme kuliko wakati mwingine wowote, mtambo uko katika hali yake bora. Ni vituo vichache mno duniani ambavyo mahitaji ya mteja na uwezo wa mtambo hupanda pamoja kwa namna hii.

Upande wa pili wa turbaini ndiko liliko jambo zito zaidi. Moshi unaotoka una joto la mamia ya nyuzi, na katika mtambo wa kawaida zaidi ya nusu ya nishati ya gesi huenda nao. Ubungo, jijini Dar es Salaam, mitambo iliyoanza kutumia gesi ya Songo Songo mwaka 2004, ikiwa na uwezo wa takribani megawati 190, iliuachia moshi huo uende angani, na hakuna wa kuilaumu, kwani nani Dar es Salaam angenunua maji ya moto ya kupasha nyumba? Kituo cha Kinyerezi II cha jiji hilo hilo walau huutumia moshi kuchemsha mvuke wa kuzungusha turbaini nyingine. Yakutsk, kituo kipya kilichokamilika mwaka 2017, kina umeme unaokaribiana kabisa na ule wa Ubungo, megawati 193, lakini uwezo wake wa joto, ukijumlisha moshi wa turbaini na boila za ziada, unazidi megawati 540 ukigeuzwa kwa kipimo hicho hicho. Kwa hesabu ya haki, basi, hicho ni kiwanda cha maji ya moto ambacho pia hufua umeme. Wazo lenyewe ni la zamani: Leningrad ilianza kupasha jengo kwa joto la kituo cha umeme mwaka 1924, na mpango huo ukaenea Urusi nzima. Kilichobadilika Yakutsk ni uwiano, na pia hatari, kwa kuwa joto hilo lote lilipaswa kusafirishwa kilomita nyingi juu ya ardhi isiyotakiwa kuguswa na joto.

Ndiyo sababu mabomba ya maji ya moto Yakutsk hayafukiwi. Hupita juu ya nguzo fupi kando ya barabara, na penye njia ya magari hupanda, huvuka na kushuka upande wa pili kama lango. Mgeni huyaona kuwa ni uchafuzi wa mandhari, na mchumi atasema ni upotevu, kwani bomba lililo wazi kwenye hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri hupoteza joto zaidi ya lililofukiwa. Hoja ya mchumi ina nguvu, na kwa mji kama Copenhagen ingekuwa sahihi. Lakini bomba lililofukiwa katika udongo ulioganda hujichimbia kaburi: huuyeyusha, hulegea kwenye viungo, huvuja, na maji ya moto yanayovuja huyeyusha zaidi, hadi nyumba ya jirani ipate ufa kabla fundi hajajua pa kuanzia. Bomba la juu likivuja, kila mpita njia anaona. Upotevu ule ni bima, na sioni kwamba ni bima ya ghali.

Kuna pingamizi kubwa zaidi. Inaweza kusemwa kwamba kuliita joto adui ni kucheza na maneno, kwani joto likikatika Januari watu watakufa, ilhali msingi uliolowa si hatari ya papo hapo kama hiyo. Hili ni kweli, na Yakutsk ililijua vizuri kuliko miji mingi: hadi mwanzoni mwa 2019 eneo lake la umeme halikuwa limeunganishwa na gridi kuu ya Urusi, kwa hiyo hapakuwa na jirani wa kuazima kwake kituo kikizimika. Lakini hatari hizi mbili hazishindani. Kituo huzimika kwa sababu fulani, na katika nchi ya ardhi iliyoganda sababu mojawapo iliyo tayari daima ni kwamba kituo kinaweza kuukata mguu kinaousimamia. Mhandisi aliyeilinda barafu chini ya turbaini ndiye huyo huyo aliyewalinda watoto vitandani. Hata gesi yenyewe, inayosifiwa kwa usafi, hufuata kanuni hiyo: kilo moja ya methani ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za maji, na mvuke huo ukikutana na hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri huganda papo hapo ukawa ukungu wa barafu unaofunika mitaa. Mji hujitia kiwi kwa pumzi yake.

Pingamizi la mwisho ni la siasa: kwamba haya yote yaliwezekana kwa sababu dola moja ilimiliki gesi, kituo, bomba na nyumba, na haikuuliza bei. Kwa sehemu ni hivyo. Hata hivyo Wamarekani, kwenye bomba la mafuta la Alaska lililofunguliwa mwaka 1977 na makampuni binafsi, walikumbana na udongo wa namna hiyo hiyo na wakafikia jawabu la ukoo mmoja. Sehemu kubwa ya bomba ilinyanyuliwa hewani, na zaidi ya mirija 120,000 ya kunyonya joto ikasimikwa kwenye nguzo ili ardhi ipoozwe kila majira ya baridi. Siasa iliamua nani alipe. Udongo uliamua nini kijengwe.

Kama ushahidi zaidi unatakiwa, uko Norilsk. Mnamo 29 Mei 2020 tangi la dizeli lilipasuka katika kituo namba 3 cha joto na umeme, kituo kinachoendeshwa kwa gesi na kuweka dizeli kama akiba ya siku ambayo gesi itakosekana. Zaidi ya tani 20,000 zilimwagika, nyingi zikaingia mitoni. Wenye kituo walisema nguzo zilizama kwa sababu ardhi iliyoganda imeanza kuyeyuka. Wakaguzi wa serikali walinyooshea kidole ujenzi na uangalizi mbovu. Mahakama iliamuru fidia ya rubo bilioni 146, nayo ikalipwa. Mimi sioni kwa nini moja ya kauli hizo iiondoe nyingine. Ardhi inayopata joto ni hoja ya kukagua nguzo mara nyingi zaidi, haiwezi kuwa udhuru wa kutozikagua, hasa katika mji ambao mhandisi wake alituzwa mwaka 1966 kwa kuonyesha jinsi nguzo zinavyotakiwa kushikwa na barafu.